Jenereta Isilipwe kwa Vyoo vya Soko



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za soko jipya la manispaa yetu. Kuta zimesimama, mabati yamepigwa, chumba cha baridi cha kuwekea samaki na nyama kimekwisha kutiwa mlango wake, na sasa ndipo imeonekana ya kuwa katika ramani hakuna jenereta. Stima ikikatika, chumba kile ni sanduku la kuozeshea samaki. Basi bodi ya manispaa inatafuta fedha za kununua jenereta, nasi tuliambiwa barazani ya kwamba zitapatikana kwa kupunguza kazi ndogo ndogo za jengo. Tulipouliza kazi hizo ndizo zipi, tukajibiwa: vyoo vya upande wa nyuma, na mtaro wa maji machafu.

Mtu aweza kuuliza, haya yahusu nini chama cha wafanya kazi? Yahusu sana. Wake zetu na dada zetu ndio watakaokaa katika meza zile tangu alfajiri hata usiku, na mshahara wa reli peke yake hautoshi nyumba, kila mtu ajua. Anayesema vyoo ni kazi ndogo hajauza mboga siku nzima na mtoto mgongoni.

Mimi siipingi jenereta. Mwaka 2023 nchi nzima iliingia gizani tarehe 25 Agosti, tena 11 Novemba, tena 10 Desemba, na tarehe 6 Septemba 2024 sehemu kubwa ya nchi ikakosa stima mara nyingine. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani ile Agosti. Lakini ramani ya soko letu ilichorwa baada ya hayo yote. Kwa hiyo nakataa neno "dharura" tulilosomewa barazani. Dharura ni mafuriko. Hili ni jambo lililosahauliwa, na aliyesahau alilipwa kwa kuchora.

Sasa nitasema habari ya mashini yenyewe, kwa kuwa sisi watu wa karakana tunajua injini za dizeli kuliko watu wa ofisini. Bei ya kununua ndiyo inayoonekana, kumbe ni mwanzo tu. Jenereta ya kadiri ya kVA 100, ikifanya kazi karibu na nguvu zake zote, hunywa dizeli yapata lita 20 kwa saa, na zaidi. Stima ikikosekana saa 8, hizo ni lita 160 kwa siku moja. Nani atazilipa? Tusipouliza leo, mwakani zitaongezwa kwa siri katika ushuru wa meza.

Tena kuna oili, chujio, na betri ya kuwashia. Betri ndiyo hasa inayoaibisha watu, maana mashini hukaa miezi bila kuguswa, na siku ya haja inakataa kuwaka. Yataka kuwashwa mara kwa mara na mtu aliyeandikwa kazi hiyo, mwenye kulipwa. Nimesikia askari wa usiku atafundishwa kuiwasha. Yule askari apewe kwanza koti la mvua!

Haifai vilevile kununua kubwa kwa sifa. Injini ya dizeli ikifanya kazi nyepesi kila siku huchafuka ndani, hujaa masizi na mafuta yasiyoungua, ikafa mapema. Soko halihitaji kuwasha kila taa. Lahitaji chumba cha baridi, pampu ya maji na taa za ngazi. Fundi ahesabu hizo, akikumbuka ya kuwa mota ya pampu inapoanza huvuta stima mara kadhaa kuliko inapokwisha kushika mwendo. Kisha tununue iliyo kadiri yake. Pengine fedha zinazotafutwa zitapungua sana hapo hapo.

Neno moja la usalama nalisema kwa ajili ya wenzetu wa stima. Pawe na swichi ya kugeuzia, ya kutenga jenereta na waya za nje kabisa. Bila hiyo, stima ya jenereta yaweza kurudi juu ya nguzo ikamkuta mfanya kazi anayetengeneza huko akidhani waya zimekufa. Swichi hii isiwe katika hesabu ya vitu vya kupunguzwa.

Kuhusu fedha, njia ipo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaruhusu mkataba kubadilishwa kwa idhini, lakini nyongeza zote pamoja zisipandishe bei ya mkataba kupita 25 kwa mia. Na fedha zisizokuwamo katika bajeti zaweza kuombwa kwa bajeti ya nyongeza mbele ya Bunge la Kaunti, wazi, madiwani wetu wakisikia. Najua njia hii inachelewesha, na wenye samaki watanung'unika. Afadhali soko lifunguliwe na chumba cha baridi kimefungwa miezi michache kuliko kufunguliwa bila mtaro, maana sakafu ikikwisha kumwagwa zege hakuna atakayeivunja tena. Jenereta yaweza kuja baadaye ikawekwa nje. Mtaro hauwezi.

Na vibarua wa pale wamekwisha kungoja mshahara wa wiki mbili. Hao walipwe kabla ya dizeli.

Baraza linalofuata litakuwa pale pale sokoni. Tunaotoka zamu ya usiku twende bila kupitia nyumbani, tuombe karatasi mbili: orodha ya kazi zinazopunguzwa, na hesabu ya dizeli ya mwaka mmoja. Wakisema hawanazo, katibu wa tawi aandike hivyo katika kitabu chake mbele yao.

Mtu wa Karakana