Kivaa Si Sayari Tupu

Rafiki yangu wa Nairobi alikuja kwetu Kivaa, akatazama mlima, mawe na vumbi, akasema: "Buda, hapa ni kama Mars!" Alikuwa amesimama katikati ya shamba letu la ndengu.

Simlaumu sana. Amelelewa na televisheni ya Marekani. Star Trek ya miaka ya 1960 ilipohitaji sayari ngeni, ilipeleka kamera Vasquez Rocks, karibu na Los Angeles: mawe, vumbi, jua kali. Jicho likazoea hivyo: pakavu hapana mwenyewe.

Mazoea hayo yana bei. Desemba 2024, pete ya chuma ya takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa vipande vya roketi kama hivyo hukusudiwa viungue njiani au viangukie mahali patupu, kama baharini. Sawa. Lakini Mukuku kuna watu.

Kwa hivyo ukiona pakavu, usiulize panafanana na sayari gani. Uliza ni kwa nani. Halafu utoke kwenye ndengu zetu.