Kijana anaporudi kwa mama Uingereza: deni la msaada wa pango linatoka wapi?

Ndugu aliyeko Uingereza akipunguza fedha anazotuma nyumbani, huku kijijini maneno huanza. Amebadilika. Ametusahau. Mara nyingine sababu ni barua tu. Imetoka halmashauri ya mji anakoishi, ikisema alilipwa msaada wa pango kuliko alivyostahili na sasa anadaiwa pauni elfu mbili au tatu. Ukichunguza chanzo cha deni, unaweza kukuta jambo ambalo kwetu halina kosa lolote: mwanawe mkubwa alirudi kuishi nyumbani.

Makala haya ni kwa ajili yako uliye na shangazi, dada au mtoto anayepanga nyumba Uingereza, na kwa kijana anayejiandaa kwenda kufikia kwa ndugu huko. Tunaeleza deni hili linavyozaliwa, nani hakatwi, na nini cha kufanya barua ikifika.

Msaada unaoangalia nani analala ndani

Barua zenyewe huuita Housing Benefit. Ni fedha za umma zinazomsaidia mwenye kipato kidogo kulipa pango, na hutolewa na halmashauri ya mahali anapoishi. Kwa watu ambao bado wana umri wa kufanya kazi, msaada huo sasa umeingizwa ndani ya malipo mengine yanayoitwa Universal Credit, ambayo hutolewa na Idara ya Kazi na Pensheni. Wazee waliofikia umri wa pensheni wengi wamebaki na utaratibu wa zamani.

Taratibu zote mbili haziangalii mwenye mkataba wa nyumba peke yake. Zinaangalia kila anayeishi mle ndani. Mlengwa wa TASAF anaielewa hesabu hii kwa urahisi, kwa sababu ruzuku yetu nayo huhesabiwa kwa kaya, na taarifa za kaya zikibadilika zinatakiwa kurekebishwa. Tofauti ni kwamba huko, mtoto aliyefikisha miaka 18 anaweza kupunguza msaada wa mzazi wake.

Sheria inamwona kama mchangiaji wa pango

Serikali ya Uingereza inachukulia kwamba mtu mzima anayeishi na mzazi anachangia pango. Haiulizi kama kweli anachangia. Inakata kiasi fulani kwenye msaada wa mama, halafu inamwachia mama kazi ya kumdai mwanawe.

Makato hutegemea kipato cha kijana kabla ya kodi. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2024, chini ya Housing Benefit, kijana asiye na kazi, au anayefanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki, alisababisha makato ya pauni 19.30 kwa wiki. Anayefanya kazi kwa saa 16 au zaidi na kupata kati ya pauni 334 na 444.99 kwa wiki, makato yalikuwa pauni 99.65. Aliyefika pauni 554 na kuendelea, makato yalikuwa pauni 124.55. Viwango hivi hupitiwa kila Aprili.

Tuweke mfano. Mama anaishi peke yake na anapokea msaada. Kijana wake wa miaka 26 anaachana na mwenzake, anarudi chumba chake cha zamani, na ana kazi ya ghala inayomlipa pauni 400 kwa wiki. Mama haambii halmashauri. Baada ya wiki 26 jambo linagundulika. Pauni 99.65 mara wiki 26 ni pauni 2,590.90. Hilo ndilo deni, na ni la mama, hata kama kijana hakuwahi kumpa senti.

Hapa mila zetu na sheria yao zinapishana. Kwetu mama hamtozi mwanawe pango. Kijana mwenye adabu ataleta sukari, atanunua umeme, atatoa hela ya kitoweo, na hakuna anayeandika. Mama aliyelelewa hivyo akisoma fomu inayouliza kama kuna mtu mwingine amehamia, anaweza kuona haimhusu, kwa sababu mtoto si mgeni wala mpangaji. Wengine hawajui hata mshahara wa mtoto wao, na kuomba kuona hati ya mshahara kunaonekana kama kumpeleleza.

Gharama ya kutojua ni kubwa. Halmashauri isipopata uthibitisho wa kipato cha kijana anayefanya kazi, inaweza kuweka makato ya juu kabisa. Kwa wiki 26 zile zile, pauni 124.55 zinafika 3,238.30. Mama wa mfano wetu angedaiwa pauni 647.40 zaidi kwa kukosa karatasi.

Siyo kila kijana anakatwa

Chini ya Housing Benefit hakuna makato kwa kijana anayesoma muda wote, katika kipindi chake cha masomo. Hakuna makato pia kwa aliye chini ya miaka 25 anayepokea Universal Credit bila mshahara wowote. Na kama mwenye nyumba mwenyewe au mwenza wake ni kipofu, au anapokea malipo ya ulemavu kwa ajili ya kuhudumiwa katika maisha ya kila siku, hakatwi kwa ajili ya mtu mzima yeyote anayeishi naye.

Wazee wana nafuu nyingine. Mwenye msaada au mwenza wake akiwa na miaka 65 au zaidi, makato kwa ajili ya kijana aliyehamia huanza baada ya wiki 26. Taarifa lakini inatolewa mara moja, bila kusubiri wiki hizo ziishe.

Universal Credit ina hesabu yake. Makato ni kiwango kimoja kwa kila mtu mzima, na kwa mwaka ule wa fedha wa 2024 kilikuwa pauni 91.47 kwa mwezi, awe analipwa vizuri au hana kazi. Aliye chini ya miaka 21 hahesabiwi. Lakini mwanafunzi wa miaka 22 hana msamaha kwa sababu ya masomo peke yake. Kwa hiyo kijana yule yule anaweza kumkata mama mmoja na asimkate mwingine, kutegemea mama yuko kwenye malipo gani. Anayekuambia "mbona wangu hakukatwa" huenda anasema kweli, na bado isikusaidie.

Akiondoka nako kuna hesabu

Kijana akihama, makato yake hukoma. Lakini mama mwenye umri wa kufanya kazi, aliyepanga nyumba ya halmashauri au ya shirika la makazi, anaweza kukutana na kanuni iliyoanza Aprili 2013: chumba kisicho na mtu kinapunguza sehemu ya pango inayozingatiwa kwa asilimia 14, na vyumba viwili au zaidi kwa asilimia 25. Wenyewe wanaiita kodi ya chumba. Waliofikia umri wa pensheni haiwahusu.

Kodi ya halmashauri nayo inaguswa. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25 ya kodi hiyo. Kijana mwenye kazi akirudi, punguzo linaondoka, na hilo hudaiwa kwa barua yake yenyewe.

Tatizo kubwa liko kwa vijana wasioondoka wala kubaki. Analala kwa rafiki siku nne na kwa mama siku tatu. Amehama, lakini barua za benki bado zinakwenda kwa mama. Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha kupiga kura huko kwa sababu nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na wengine huacha jina lao kwenye anwani ya zamani. Mamlaka hulinganisha kumbukumbu za aina hiyo. Jina likionekana pale, swali litakwenda kwa mama, na yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha tarehe ambayo mwanawe aliondoka.

Barua ikifika

La kwanza ni tarehe. Chini ya Housing Benefit kuna mwezi 1, kuanzia tarehe ya barua, wa kuomba uamuzi uangaliwe upya au kukata rufaa kwenye baraza ambalo halimo chini ya halmashauri. Anayeiweka barua kabatini kwa hofu anapoteza muda huo.

La pili ni hesabu. Kiasi kilichoandikwa kinaweza kupungua. Halmashauri inatakiwa kutoa kwenye deni kile ambacho mama angestahili kupata kama taarifa zote zingejulikana tangu mwanzo. Hati za mshahara za kijana, barua ya chuo, au mkataba wake mpya wa pango vinaweza kubadili tarakimu. Rudi kwenye mfano wetu: kama kijana alikuwa akifanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki zote 26, makato yalipaswa kuwa pauni 19.30, jumla 501.80. Kati ya 3,238.30 na 501.80 kuna fedha za kulipia mahitaji ya miezi mingi.

La tatu ni kosa ni la nani. Kama mama alitoa taarifa na ofisi ikachelewa kuifanyia kazi, na hakuwa na namna ya kujua kwamba analipwa zaidi, deni la Housing Benefit halipaswi kudaiwa. Ndiyo maana nakala ya kila taarifa, na jina la aliyeipokea, ni mali. Kwa Universal Credit kinga hiyo haipo: tangu sheria ya mwaka 2012, fedha zilizozidi zinaweza kudaiwa hata kama kosa ni la idara. Kinachobaki ni kuomba msamaha wa deni au kupunguziwa kiwango cha kulipa kwa sababu ya hali ngumu.

La nne, ushauri ni bure. Shirika la Citizens Advice huwasaidia watu kusoma barua hizi na kuandika majibu. Hakuna haja ya kumlipa dalali.

Mjadala umefika wapi

Serikali ya Uingereza yenyewe imelazimika kujitazama. Mwaka 2024 ziliibuka habari za watu wanaotunza ndugu wagonjwa waliodaiwa maelfu ya pauni kwa kuzidisha kidogo kipato kinachoruhusiwa, na Oktoba mwaka huo serikali ikaagiza uchunguzi huru ukiongozwa na Liz Sayce. Malipo yale ni mengine, lakini swali ni lile lile: kwa nini deni liachwe likue kwa miezi wakati ofisi za umma tayari zina kumbukumbu za mishahara?

Aprili 2025 kiwango cha juu cha makato ya madeni kwenye Universal Credit kilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 15 ya malipo ya msingi. Hiyo ni nafuu. Wakati huo huo, Januari 2025 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuipa idara nguvu zaidi ya kufuatilia udanganyifu na kudai fedha zilizozidi, ikiwemo kwenye akaunti za benki za wadaiwa.

Kwa maoni yetu, kanuni hii ina kasoro moja ambayo kupunguza kasi ya makato hakutaiponya. Inampa mama jukumu la kutoa taarifa za mtu mzima mwingine, ambaye si lazima amwambie ukweli, kisha deni linaandikwa kwa jina la mama. Anayeficha kwa makusudi anatenda kosa la jinai, na hatumtetei. Lakini mama asiyejua mshahara wa mwanawe si tapeli, na barua zinaposomeka kana kwamba ni tapeli, wengi hunyamaza, na deni huendelea kukua.

Wakati kanuni ziko hivyo, familia zina namna ya kujilinda. Kijana unayekwenda kuishi kwa mama, shangazi au mama mdogo Uingereza, muulize kabla hujafika: je, unapokea msaada wa pango, na nikihamia itakuwaje? Mpe nakala ya hati ya mshahara au barua ya chuo bila kuombwa mara mbili. Ukihama, hamisha anwani zako zote, umwachie na nakala ya mkataba wako mpya. Na ninyi mlioko kijijini, dada akisema ana deni la halmashauri, msimwulize kwanza fedha alipeleka wapi. Mwulizeni barua ina tarehe gani.