Mkuki kwa Nguruwe: Sisi Wanakiswahili na Jasho la Waandishi Wetu

Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Methali hii tulifunzwa tangu shule ya msingi. Tumeitungia insha na tumeieleza maana na matumizi mbele ya madarasa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nakiri mbele yako, mpenzi msomaji, kwamba sikuielewa barabara hadi usiku mmoja nilipopigiwa simu na mtu nisiyemjua, nikiwa nyumbani kwetu Moi's Bridge.

Ilikuwa yapata saa tatu usiku. Sauti ya msichana, yenye adabu tele, ilinisalimu: "Habari ya jioni, mwalimu." Akajitambulisha kuwa mwanafunzi wa kidato cha nne, kisha akauliza: "Mwongozo wako umeishia kwenye maudhui. Sehemu ya wahusika tutaipata wapi?" Nilimjibu kwamba sijawahi kuandika mwongozo wowote. Naye, kwa upole ule ule, akasema: "Lakini nambari yako iko hapa, chini ya ukurasa wa mwisho."

Kesho yake niliuona mwongozo wenyewe. Zilikuwa kurasa kumi na mbili zilizobanwa kwa pini, zikiuzwa kwa shilingi 50. Nilizitambua kama mzazi amtambuavyo mwanawe. Ilikuwa tahakiki ya riwaya teule niliyoichapa miezi kadhaa nyuma katika saiba moja ya mjini petu. Ushahidi ulikuwa katika ukurasa wa nne. Programu niliyochapia haikujua Kiswahili hata chembe. Kila neno ililipigia mstari mwekundu, ukurasa ukaonekana kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Isitoshe, ilijipa mamlaka ya kunisahihisha: nikiandika "si" inageuza kuwa "is", nikiandika "ni" inageuza kuwa "in". Nilikesha nikiyarudisha maneno mahali pake, lakini moja liliniponyoka. Nilikuwa nimeandika kwamba mhusika mkuu si shujaa. Karatasi ikasema "mhusika mkuu is shujaa". Kwa Kiswahili nilikuwa nimekana, kwa Kiingereza nikawa nimekubali! Kosa hilo lilikuwa limedurufiwa pamoja na kazi yangu, nakala baada ya nakala.

Ilifikaje huko? Siku ile flashi yangu ilikuwa imeambukizwa virusi, na mafaili hayakufunguka. Kijana wa saiba alinisaidia kwa kuihifadhi kazi katika tarakilishi yake. Nilimshukuru, nikalipa, nikaenda zangu, nikasahau kuifuta. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyeipanga kuwa mwongozo alilifuta jina langu katika jalada, ila nambari yangu ya simu, niliyoiweka chini ya ukurasa wa mwisho ili msimamizi wangu aniandikie, ilisalia. Nilinyang'anywa kilichokuwa changu kwa haki, na kilichokuwa siri yangu kikaanikwa. Kwa majuma mawili simu yangu ililia kama kengele ya shule.

Nilivaa viatu kwenda sokoni nikiwa nimejihami kwa sheria. Nilijua kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na kwamba kifungu cha 40 kinaitaka dola ilinde haki za ubunifu. Nilijua kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya mwandishi huzaliwa pindi kazi yake inapotiwa katika maandishi, hata kabla ya kusajiliwa popote. Nilimkuta kijana yule, nikamweleza. Alisikitika kwa dhati. "Pole sana, mwalimu," akasema. "Nilidhani ni kitu cha kusaidia wanafunzi."

Hapo ulimi wangu ulikwama. Maneno hayo niliyafahamu. Yalikuwa yangu mimi. Muhula uliotangulia nilikuwa nimeiazima nakala pekee ya riwaya fulani kutoka maktabani. Mwandishi wake yu hai. Kwa siku mbili niliipiga picha kwa rununu, ukurasa kwa ukurasa, nikaituma katika kikundi cha darasa letu chenye watu wapatao 60. Nilishukuriwa na kuombewa baraka. Mmoja aliponiuliza kama ni halali, nilimjibu: "Nawasaidia wanafunzi wenzangu."

Kuna tofauti, bila shaka. Yeye aliuza, mimi niligawa bure. Yeye alilifuta jina, mimi nililiacha. Tofauti hizo si ndogo kimaadili, na sitaki kuzipuuza. Lakini katika jambo la msingi tulikuwa ndugu wa toka nitoke: hakuna kati yetu aliyebisha hodi.

Nionavyo mimi, hapo ndipo ulipo mzizi wa suala zima. Lugha hii tunayoisomea imelea utamaduni wa hodi. Mtu hata kama mlango uko wazi, hata kama ndani kunanukia pilau, husimama nje akabisha, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Hakimiliki ni hodi mbele ya kazi ya mtu, na faragha ni hodi mbele ya maisha yake. Tumezitenga mada hizi mbili, moja tukawaachia wachapishaji na nyingine wanasheria, ilhali zote mbili zauliza swali moja tu: je, mwenyewe aliombwa ruhusa?

Moi's Bridge ni mji wa mahindi, nami naomba kutumia mfano wa kwetu. Mkulima akimkuta jirani akivuna shambani mwake usiku, hataridhika kuambiwa kwamba mengine yamebaki. Atanijibu mtu kwamba hindi likichumwa halipo tena, ilhali kitabu kikipigwa picha kingali rafuni. Kweli kabisa. Hata hivyo, mkulima hauzi mahindi ili ale leo tu. Ndani ya bei ya gunia kuna mbegu na mbolea ya msimu ujao. Mwandishi hali kadhalika. Mchapishaji atazamapo hesabu zake akaona riwaya ya Kiswahili imenunuliwa nakala chache, hajui kwamba imesomwa na mamia katika rununu. Yeye ataamua kwamba riwaya za Kiswahili hazisomwi, atachapisha vitabu vya kiada tu, nasi tutaandika tasnifu tukilalamika kwamba fasihi yetu imedumaa.

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa nimelitoa mimi mwenyewe mara nyingi: vitabu havipatikani na mwanafunzi hana pesa. Jibu hili lina uzito. Katika maduka ya vitabu ya miji midogo kama wetu utapata vitabu teule vya shule za upili na kamusi, basi. Riwaya iliyotolewa Dar es Salaam au Unguja miaka thelathini iliyopita haipatikani, hata ukiwa na fedha mkononi. Anayemhukumu mwanafunzi huyu bila kuitazama rafu tupu ya maktaba yake hamtendei haki.

Walakini, uhaba huo hautulazimishi kuiba kila kitu. Kwanza, sheria yenyewe imetuachia njia ambazo hatuzitumii. Inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya binafsi, na uhakiki, mradi mwandishi na kazi yake watajwe pale inapohitajika. Inaruhusu mkusanyo wa matumizi ya shule au chuo kikuu uchukue dondoo fupi zisizozidi mbili kutoka katika kazi moja, kwa kumtaja mwenyewe. Hizo si haba kwa semina ya juma moja.

Pili, na jambo hili linanisikitisha zaidi, tunavamia mashamba yenye wenyewe huku tukiyaacha pori yale ambayo sheria imeyafungua. Nchini Kenya hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu muda wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Ken Walibora, aliyemsafirisha mhusika wake wa *Siku Njema* kutoka Tanga hadi Kitale, mji jirani na wetu, alifariki Aprili 2020. Kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2070, na faida yake ni ya warithi wake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa maandishi yake ulikoma mwisho wa mwaka 2012. Tungeweza kuyachapa upya, kuyasahihisha tahajia, kuyaweka katika rununu ya kila mwanafunzi mchana kweupe, mradi tusinakili dibaji na maelezo mapya ya wahariri walio hai. Kwa nini basi vikundi vyetu vimejaa picha zenye ukungu za riwaya za walio hai, na hakuna hata juzuu moja safi ya Shaaban Robert tuliyoiandaa sisi wenyewe?

Tatu, kuna hesabu ya harambee. Watu 60 wakitoa shilingi 50 kila mmoja, bei ile ile ya mwongozo niliouona sokoni, tayari zipo shilingi 3,000. Zinatosha kununua nakala kadhaa za riwaya na kuzizungusha kwa zamu.

Nirejee kwenye nambari yangu ya simu. Mwaka 2019 Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna anayeisimamia ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Habari hiyo haikutikisa madarasa yetu. Walimu wetu wataniwia radhi nikisema kwamba karatasi ya mahudhurio huzunguka ikiwa na jina, nambari ya usajili na ya simu ya kila mmoja, na yeyote aweza kuipiga picha. Alama za mtihani hubandikwa katika kikundi, aliyefeli akajulikana na wote kabla hajajijua. Nasi wanafunzi tulizoea kujaza daftari la wakala wa kutuma pesa huku tukisoma nambari za kitambulisho za waliotutangulia. Mwalimu anahitaji kujua nani yupo darasani, na hilo ni sawa. Je, nambari za simu za wote zinamfaa nini aliyeketi nyuma?

Kuhusu programu iliyonigeuzia "si" kuwa "is", nalo tusilie tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hata leo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ina orodha ya maneno ya Kiswahili ya kukagulia tahajia. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kumgawia jirani bila kumwibia mtu. Hata hivyo, wengi wetu twang'ang'ania programu za bei ghali zilizovunjwa kufuli, zinazotuletea virusi katika flashi, kisha twashangaa kwamba hazitujui. Waliotengeneza programu huria walitufungulia mlango na kusema karibu. Sisi tukapita kwa dirisha la jirani.

Basi nina maombi kwa chama chetu. Tangu UNESCO itangaze mwaka 2021 kwamba Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, tumeiadhimisha kwa fulana, hotuba na mashairi. Julai ijayo tuzindue rafu: kazi tano tu za waandishi ambao muda wa ulinzi wao umekwisha, zilizochapwa na kusahihishwa na wanachama, zikapatikane bure kwa kila shule. Tuwaandikie waandishi walio hai, ambao vitabu vyao vimeadimika, tukiwaomba ruhusa. Wapo watakaokataa. Nadhani wapo pia watakaofurahi kwamba kuna aliyebisha hodi.

Kwa upande wangu, nimeifuta riwaya ile katika kikundi, ingawa najua kwamba nakala zilizokwisha kusambaa siwezi kuzikusanya, kama vile kijana wa saiba asivyoweza kunirudishia kurasa zangu. Waliolalamika ni wengi kuliko walioshukuru mwanzoni. Kuhusu msichana wa kidato cha nne, alipiga tena. Nilimweleza kwamba kazi ile ni yangu na haikuuzwa kwa idhini yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nisamehe, mwalimu. Naomba nisome sehemu ya wahusika, ukiniruhusu."

Nilimtumia usiku huo huo. Nilianza kwa kuandika, na kuhakikisha mara tatu, kwamba mhusika mkuu si shujaa.