Kocha Mlevi na Sisi Tumshangiliao

Mara nyingi katika kurasa hizi twasoma habari za magoli na vikombe. Leo naomba nafasi niseme juu ya mtu asimamaye kando ya uwanja, yaani mwalimu wa timu, na juu ya pombe. Labda wengine watasema ya kwamba jambo hili si la wanafunzi kulizungumza. Mimi naona ni letu hasa, kwani sisi ndio tunaofundishwa naye, na wakubwa wetu waliokwisha kumaliza shule ndio wanaomnunulia chupa baada ya mchezo.

Mfano wangu ni Steve Sarkisian wa Marekani. Mpira wake si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, ambao wachezaji huvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mikononi. Lakini masumbuko yaliyompata yaweza kumpata mwalimu wa mpira wo wote.

Desemba 2013 Chuo Kikuu cha Southern California, katika mji wa Los Angeles, kilimkabidhi timu yake. Mwaka 2014 timu ilishinda michezo 9 ikashindwa 4, na watu wakamsifu. Mwaka 2015 nyumbani kwake mlikuwa na matata, ndoa yake ikivunjika. Tarehe 22 Agosti, katika karamu ya wapenzi wa timu, wakiwamo wanafunzi wa zamani wa chuo, alisimama mbele ya watu akasema kwa ulimi mzito na kutoa maneno ya aibu. Baadaye aliomba radhi, akaeleza ya kuwa alichanganya pombe na dawa, akaahidi kutafuta msaada. Aliachiwa timu aendelee nayo. Tarehe 8 Oktoba alishindwa nyumbani na Chuo Kikuu cha Washington, alichokifundisha zamani, kwa alama 17 kwa 12. Tarehe 11 mkuu wa michezo, Pat Haden, alimsimamisha kwa sababu hakuwa katika hali ya kufanya kazi. Kesho yake akafukuzwa.

Je, ilikuwa haki? Mwenyewe alikataa. Desemba hiyo alikishtaki chuo, akadai dola milioni 30 au zaidi, akisema ulevi ni ugonjwa na ilipasa apewe nafasi ya kutibiwa kisha arudi kazini. Mwaka 2018 msuluhishi alikata shauri kwa upande wa chuo.

Mimi nakubali ya kwamba ulevi ni ugonjwa. Lakini dereva akiugua macho, hatumchukii, wala hatumpi usukani wa basi lililojaa watoto. Vijana waliokabidhiwa kwa kocha wana haki ya kuongozwa na mtu mwenye akili timamu. Basi kumwondoa kazini kulikuwa sawa.

Hata hivyo siwezi kukisifu chuo kile kwa yote. Toka karamu ile ya Agosti mpaka siku ya kusimamishwa zilipita siku 50. Ugonjwa ulionekana mbele ya umati wa watu, na bado mgonjwa alibaki na mzigo ule ule mzito, michezo ikiwa imeanza na ushindi ukitakiwa kila juma. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama angalipumzishwa Agosti akatibiwe, pengine kusingalikuwa na kufukuzwa wala mashtaka.

Na huku kwetu Uganda je? Timu ya shule ikishinda, ni nani wanaomchukua mwalimu wa mpira mpaka dukani penye bia na waragi? Ni wanafunzi wa zamani, nao hufanya hivyo kwa mapenzi. Timu ikishindwa, hao hao ndio wa kwanza kunong'ona ya kuwa mwalimu ananuka pombe. Nasi wanafunzi huiga mwendo wake bwenini tukicheka, kisha Mkuu wa Shule akiuliza, twanyamaza tusije tukaharibu timu. Kama pombe ni kosa siku ya kushindwa, ilikuwa kosa siku ya ushindi pia.

Kuna jambo jingine. Kumwondoa mtu katika kazi yake ni shauri moja. Kumwondoa katika watu ni shauri jingine kabisa, na hilo la pili ndilo baya. Sarkisian alikwenda kutibiwa. Mwaka 2016 Nick Saban, kocha wa Chuo Kikuu cha Alabama, alimpa kazi ndogo ya kuchunguza michezo. Mtu aliyekuwa mkuu wa timu akawa chini ya wengine, akakubali. Mwaka 2017 na 2018 alifanya kazi Atlanta, akarudi Alabama 2019 kuongoza mashambulizi. Januari 2021 Alabama ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Ohio State 52 kwa 24, na mwezi huo huo Chuo Kikuu cha Texas kilikuwa kimekwisha kumteua kuwa kocha wake mkuu. Mwaka 2023 Texas ikawa bingwa wa ligi yake. Haya yasingalitokea kama kila mlango ungalifungwa.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Nahodha akiona mwalimu amekuja mazoezini amelewa, amwambie Mkuu wa Shule siku ile ile, kwa heshima na kwa siri. Wakubwa wetu mnaokuja siku ya mchezo wa wanafunzi wa zamani, mkitaka kumtunza mwalimu, mpeni sukari ya watoto wake, au mbuzi, au jozi ya viatu. Na mwalimu akiondolewa kwa ajili ya pombe, mtu mmoja amfuate nyumbani, amsaidie kupata matibabu. Akipona, apewe kazo ndogo ya kuanzia, hata kama ni kuwafundisha wadogo wa kidato cha kwanza kupiga pasi.

Najua wako watakaosema ya kwamba mlevi haponi. Wapo wasiopona, ni kweli. Lakini hatuwezi kumjua atakayepona kabla hatujamjaribu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita