Samatta kwenye Fantasy: pointi zilihesabu nini, ziliacha nini

Kila mwezi wa nane Ligi Kuu ya Uingereza inapoanza, mashabiki wengi kuanzia Kongwa hadi Manyoni hugeuka makocha kwenye simu zao. Swali ni lile lile: umsajili unayempenda, au anayeleta pointi? Mwaka 2020 Watanzania walipewa mtihani mgumu wa swali hilo, na jina lake ni Mbwana Samatta.

Kwa asiyeujua mchezo huu, Fantasy Premier League haina kiingilio. Unapewa milioni 100 za kufikirika na kusajili wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Wanachofanya uwanjani ndicho kinachokupa pointi. Mshambuliaji akifunga unapata 4, akitoa pasi ya goli 3, akicheza dakika 60 au zaidi 2. Pointi za nahodha wako huzidishwa mara mbili.

Samatta alijiunga na Aston Villa Januari 2020 akitokea Genk ya Ubelgiji, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Februari 1, katika mechi yake ya kwanza ya ligi, aliifunga Bournemouth, ingawa Villa ililala 2-1. Waliomsajili mapema walishangilia mara mbili.

Baada ya hapo pointi zikakauka. Ligi ilisimama Machi kwa sababu ya corona, ikarejea Juni. Msimu ulipoisha, Samatta alikuwa amecheza mechi 14 za ligi na goli ni lile lile moja. Septemba akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Safari yake kwenye Fantasy ikaishia hapo.

Je, pointi zilisema kweli? Zilisema kweli kuhusu kitu kimoja tu: mechi za ligi. Goli alilofunga Machi 1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City halikuhesabiwa. Hata lile la Anfield dhidi ya Liverpool, Novemba 2019, lilikuwa la Ligi ya Mabingwa. Mabao yake 23 ya ligi yaliyoisaidia Genk kutwaa ubingwa wa Ubelgiji 2019 yako nje ya kitabu hicho, sawa na ubingwa wa Afrika alioutwaa na TP Mazembe mwaka 2015.

Tena mshambuliaji hula kwa mkono wa wenzake. Villa ya msimu ule ilipigania kutoshuka daraja na kumaliza nafasi ya 17. Timu isiyofika golini mara nyingi haiwezi kumpa mshambuliaji wake pointi.

Kwa hiyo, kabla ya kusajili, tazama mambo matatu: anaanza kila wiki? Timu yake inatengeneza nafasi? Wapinzani wajao ni nani? Usikimbilie kubadilisha pia, maana ukizidisha usajili wa bure unakatwa pointi 4, sawa na goli zima la mshambuliaji.

Na jambo la mwisho ni la mfukoni. Mchezo wenyewe ni wa bure. Gharama yako ni bando. Mtu usiyemfahamu akikutaka utume pesa kwa simu ili uingie kwenye "ligi" yake, hiyo pesa haiendi kwa waandaaji wa Fantasy. Ukishaituma, kuirudisha ni kazi.