Gari la mafuriko lisivuke bandari ya Mombasa

Kangeta, huko Igembe, Meru, miraa haisubiri mtu. Mafungu yakishapakiwa, pikapu au Probox inapaswa kufika Nairobi kabla majani hayajanyauka. Gari likizima njiani kwa sababu ya nyaya zilizooza, mzigo wa siku nzima umepotea, na dereva yuko hatarini.

Hatari hiyo inaweza kuanzia mbali sana. Aprili 16, 2024, Umoja wa Falme za Kiarabu, pamoja na Dubai, ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, na magari mengi yakazama. Japani nayo ilikumbwa na mafuriko Julai 2018, kisha Kimbunga Hagibis mwaka 2019. Kenya huagiza magari mengi ya mitumba kutoka Japani, na mengine kutoka Dubai.

Gari lililozama huoshwa likang'aa. Kutu ya nyaya, hata hivyo, hujitokeza baada ya miezi, na mifuko ya hewa inaweza kukosa kufunguka ajalini.

Mnunuzi avute mkanda wa kiti hadi mwisho atazame kama una tope. Ainue zulia, akague kutu kwenye boliti za viti na ukungu ndani ya taa. Kabla ya kutuma pesa, adai karatasi ya mnada kwa gari la Japani, inayoeleza hali yake.

Lakini mkulima wa Igembe asiachiwe kazi hii peke yake. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, hudai ukaguzi kabla gari halijasafirishwa na hukataa lililozidi miaka minane. Ni haki historia ya mafuriko idaiwe kwa ukali uleule.