Aibu Iliyopandwa Hadharani

Mdogo wangu wa kiume amenikataza kumchukua binti yake siku ya Jumamosi. Hakunikataza kwa ukali, maana mimi ni dada yake mkubwa na adabu anayo. Alinikaribisha chai, akanitengea maandazi, kisha akasema: "Dada, mambo ya mtoto wangu hayatatolewa mbele ya watu. Kama hali, atakula. Hayo ya kukaa duara na kulia ni ya wazungu." Binti mwenyewe, mwenye miaka 17, alikuwa chumbani. Hakutoka kunywa chai, na nilipoingia kumsalimu niliona gauni la Idi ya mwaka jana linamning'inia kama limetundikwa msumarini.

Nilimaliza chai yangu nikaondoka bila kubishana. Lakini si yeye peke yake asemaye vile, na ndiyo maana jibu langu naliandika.

Ndugu msomaji, hebu zikumbuke salamu zetu. Mgeni hajaketi, hajapewa hata maji, ameshaambiwa "Mbona umenenepa hivyo?" au "Mbona umekonda, unaumwa?" Mnene ni bonge, ni tipwatipwa, mwembamba ni ng'onda. Katika miaka ya 1980 na 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukitumaliza na wenzetu wa Uganda wakauita "Slim", kila aliyepungua alipimwa kwa macho ya majirani kabla ya kupimwa hospitali. Niliwajua wanawake waliovaa nguo mbili ndani ya gauni ili waonekane wamejaa. Miaka ikageuka, picha zikageuka, na mabinti wa wanawake wale wale wakaanza kujinyima chakula ili waonekane hawakujaa. Haya yote husemwa mbele za watu: arusini, msibani, dukani, na ndani ya daladala, ambamo nimemsikia kondakta akimwambia mama mnene alipe nauli ya watu wawili, na basi zima likacheka. Kumdhalilisha mtu tunamdhalilisha kwa pamoja. Ikifika zamu ya kumponya, ndipo tunakumbuka kwamba mambo ya mwili ni siri, akajifungie ndani, aombe, asimwambie mtu.

Ya ndani nayajua. Mwaka 1975 nilikuwa bweni, nami nina miaka 17 kama huyu binti. Mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa akauliza kama shule ile ilikuwa inanilisha mimi tu au na wenzangu pia. Darasa lilicheka, na mimi nilicheka. Usiku ule nilitapika ugali wangu nyuma ya vyoo, kwa kidole, na nilipomaliza niliona raha ya ajabu, kama mtu aliyelipa deni. Nikaendelea kulilipa deni hilo kwa miaka 22. Niliolewa, nikazaa watoto watatu, nikafundisha, nikapika pilau za arusi za watu. Usiku nikala makombo nikiwa nimesimama jikoni, taa imezimwa, kisha nikaenda uani. Wala sikukonda. Mtu wa kula na kutapika aghalabu ana mwili wa kawaida kabisa, na hakuna anayemshuku. Mume wangu hakujua. Aliyenigundua, mwaka 1997, ni daktari wa meno. Alitazama meno yangu ya mbele kwa upande wa nyuma, jinsi yalivyoliwa na asidi ya tumbo, akauliza taratibu, "Mama, unatapika mara ngapi?" Nililia kinywa kikiwa wazi.

Ati ugonjwa wa wazungu! Ni kweli kwamba jina la anoreksia lilichapishwa na tabibu wa London, William Gull, mwaka 1874, na kwamba bulimia ilielezwa na Gerald Russell, huko huko London, mwaka 1979. Mimi mwaka huo nilikuwa nimeshatapika kwa miaka minne. Nilimwiga nani? Na atazamwe mtu wa Fiji, visiwa ambavyo kwa mila zao mwili ulioshiba ulisifiwa kama ulivyosifiwa kwetu pwani. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa sekondari wa huko mwaka huo huo, na hakuna hata mmoja aliyesema hutapika ili apungue. Aliporudi kuuliza mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Miaka mitatu tu, na kwa televisheni tu. Binti wa mdogo wangu analala na simu chini ya mto.

Mwaka 1998 yule daktari wa meno alinipeleka kwa muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa amewakusanya wanawake sebuleni kwake. Muuguzi huyu alijifunza kazi hiyo kwa wagonjwa wa UKIMWI, katika vikundi vya aina ya vile vya TASO, chama ambacho Noerine Kaleeba na wenzake walikianzisha Uganda mwaka 1987, wakati kusema tu "ninaumwa" kulikuwa ni kujitoa kafara. Tulikuwa wanane mkekani. Masharti yake yalikuwa machache lakini alikuwa mkali nayo. Mtu asitaje kilo. Mtu asimsalimu mwenziwe kwa mwili wake, hata kwa kumsifu. Baada ya mazungumzo tulikula sinia moja, na baada ya kula tulikaa saa nzima pasipo mtu kunyanyuka kwenda uani. Saa ile! Jumamosi ya kwanza niliihesabu dakika kwa dakika, jasho likinitoka, na mama mmoja muuza samaki, mnene kunishinda, akanishika mkono bila kuniangalia. Alikuwa anahesabu pia. Miaka 22 nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Hakuna dawa ya chumbani ambayo ingeweza kuniambia kwamba sivyo.

Na huko kukaa duara kunakosemwa kuwa kwa kigeni, je, mwali wa zamani alifundwa na nani kuhusu mwili wake, na redio? Alifundwa na somo, na kungwi, katikati ya wanawake wenzake. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, hakuwa mwimbaji tu. Alikuwa mwalimu wa unyago. Sisemi unyago ulikuwa tiba. Mengi yaliyofundishwa mle yalikuwa ya kumfurahisha mume, nami nina ugomvi wangu nayo kwa siku nyingine. Lakini asiniambie mtu kwamba wanawake kuketi pamoja na kuzungumza juu ya miili yao ni jambo lililoletwa na meli.

Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka, watu waliohangaishwa na hali ambayo kwa Kiganda huitwa kujichukia, okwekyawa, walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kwao waliofunzwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: walipata nafuu kubwa kuliko watu wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Ile ilikuwa tiba ya sonona, si ya ulaji, na sitadai zaidi ya hapo. Ila neno lile, kujichukia, lilinishitua nilipolisoma.

Nakubali kwamba kikundi kibovu ni hatari. Wasichana wawili wanaojinyima wakiachwa peke yao wataoneana wivu wa mifupa na kufundishana hila. Ndiyo sababu lazima awepo kiongozi anayeijua kazi. Kikundi wala hakichukui nafasi ya hospitali. Kutapika hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla. Karen Carpenter, mwimbaji wa Marekani, alikufa mwaka 1983 kwa moyo kushindwa baada ya miaka ya anoreksia, naye alikuwa na miaka 32. Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu, kwanza apimwe damu na moyo. Hilo alilikubali mara moja. Hospitali ina mlango wa kufunga.

Mdogo wangu, nakujua. Huogopi binti yako kulia mbele ya watu. Unaogopa atakalolisema: kwamba ulimwita "bonge wangu" mbele ya wageni toka ana miaka minane, na wageni wakacheka. Ulisema kwa mapenzi, nilikuwepo, nami nilicheka pia. Hilo nitalisema mkekani mwenyewe, kabla yake, ili asiwe wa kwanza.

Muuza samaki alihamia Morogoro mwaka jana, na nafasi yake kwenye sinia bado haijapata mtu. Jumamosi saa tisa na nusu nitakuja na teksi. Mimi ni shangazi yake. Nitapiga hodi, na safari hii sitakunywa chai.